Kuondoa Mfumo Endeshi wa Pili Kwenye Kompyuta

Kompyuta yenye mifumo endeshi miwili ni nyumba moja yenye wapangaji wawili wasiokutana. Windows ikiwa macho, Linux imelala. Linux ikiamka, Windows inabaki kuwa rundo la faili kwenye diski. Kinachowaunganisha ni mlango, yaani programu ndogo inayotangulia kuamka kitufe kikibonyezwa, ikauliza aamshwe nani. Kwa hiyo kumwondoa mpangaji mmoja si kuvunja chumba chake tu. Yapo mambo matatu ya kuondoa, na kila moja limekaa pake: patisheni zenye faili za mfumo, kianzishi kinachouamsha mfumo huo, na kumbukumbu ya bodi kuu inayojua kianzishi kilipo. Wengi huanza na patisheni kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Mlango unabaki ukielekeza kwenye chumba kisichokuwapo, na kompyuta ikizimwa haiwaki tena. Utaratibu wote unaofuata unatokana na jambo hilo: mlango kwanza, chumba baadaye.

Pwani ya kaskazini ya mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia Quionga na Palma hadi Mocímboa da Praia, ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili, kwa sababu huko kosa dogo hugharimu sana. Kompyuta isiyowaka huokolewa kwa flashi ya kusakinishia, na faili ya Windows 11 ya kutengenezea flashi hiyo inazidi gigabaiti 5. Kwa anayetegemea bando la simu, hilo ni suala la fedha kabla halijawa la ufundi. Umeme ukikatika, patisheni iliyokuwa ikihamishwa hubaki nusu huku nusu kule. Kisha kuna lugha. Mashine iliyotoka Pemba ya Msumbiji au Nampula huzungumza Kireno, iliyovuka mto Ruvuma kutoka Mtwara, Tanzania, huzungumza Kiingereza, na mwenye mashine pengine anasoma Kiswahili kuliko vyote viwili. Tafsiri za Kiswahili zipo: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Windows nayo imewahi kuwa na pakiti yake ya lugha. Lakini skrini nyeusi ya kianzishi kilichokwama haijui Kiswahili wala Kireno. Ni afadhali basi kushika amri kuliko majina ya menyu. Kinachoitwa Gestão de Discos kwenye Windows ya Kireno hufunguka kwa diskmgmt.msc, na neno hilo halibadiliki, lugha iwe yoyote.

Sababu za kuondoa mfumo wa pili hazilingani uzito. Iliyo nzito ni nafasi: diski ya gigabaiti 256 ikigawanywa kati ya wawili, kila mmoja hulalamika. Nyingine ni umri wa mashine. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta nyingi za zamani hazina. Hapo anayeondoka huwa ni Windows, na Linux ndiyo inayobaki. Sababu dhaifu ni hasira. Sasisho la Windows la tarehe 13 Agosti 2024 liliwafungia nje watu wengi waliokuwa na Linux pembeni. Walikutana na ujumbe wa kukiukwa kwa sera ya usalama, Linux isiwake. Walioifuta siku hiyo waliifuta bure. Dawa ilikuwa kuzima ulinzi wa kuwasha, Secure Boot, kwa muda, kuingia Linux, kuandika sudo mokutil --set-sbat-policy delete, kuwasha upya mara moja, kisha kuirudisha Secure Boot.

Kabla ya kugusa chochote, hujulikana kwanza mlango ni wa aina gani. Ndani ya Windows, amri ya msinfo32 hufungua orodha ndefu, na mstari wa hali ya BIOS husema UEFI au Legacy, yaani BIOS ya zamani. Mashine nyingi zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8, yaani 2012 na kuendelea, ni za UEFI. Za nyuma ya hapo ni za BIOS ya zamani, na hizo bado zinafanya kazi madukani na mashuleni. Tofauti hii si ya kinadharia. Kwenye UEFI kila mfumo una kianzishi chake ndani ya folda yake, na viwili hukaa jirani bila kusukumana. Kwenye BIOS ya zamani kuna kiti kimoja tu: baiti 512 za mwanzo wa diski. Kati ya hizo, 446 ni za programu ya kuwashia, 64 ni jedwali la patisheni, na 2 za mwisho ni alama. Linux iliposakinishwa baada ya Windows, kianzishi chake, GRUB, kilikaa kwenye zile 446 na kukiondoa cha Windows. Ndiyo maana kuanza na kufuta patisheni ya Linux kwenye mashine ya zamani ni kosa kubwa, ilhali kosa hilohilo kwenye UEFI huweza kusahihishwa kwa kubadili mpangilio wa kuwasha tu.

Nakala za faili hutangulia yote. Windows kwa kawaida haisomi patisheni ya Linux, kwa hiyo kunakili hufanywa ukiwa ndani ya Linux, kwenda kwenye diski ya nje au flashi. Anayetaka kunakili moja kwa moja kwenda upande wa Windows huenda akakuta patisheni yake inasomeka lakini haiandikiki. Chanzo ni kwamba Windows ikizimwa kwa njia ya kawaida mara nyingi haizimiki kabisa. Husinzia ili iwake haraka kesho yake, na Linux inakataa kuandika kwenye diski ya mtu aliyesinzia. Ikizimwa kwa amri ya shutdown /s /t 0 inalala kwelikweli, na kunakili hupita. Katika wilaya ambazo watu wamekuwa wakihama na kurudi tangu mashambulizi ya Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, na Palma yenyewe ikashambuliwa Machi 2021, si ajabu picha ya cheti cha kuzaliwa au ya hati ya kiwanja iliyopo kwenye kompyuta ikawa ndiyo nakala pekee iliyosalia. Folda ya Picha na ya Vipakuliwa za upande wa Linux hukaguliwa moja moja, hata pale mwenyewe anapoapa kwamba hakuna kitu.

Jambo la pili la maandalizi ni BitLocker. Windows ikiwa imefunga diski yake kwa kufuli hilo, kubadili njia ya kuwasha huishtua, nayo hudai ufunguo wa tarakimu 48 kabla ya kufunguka. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft mtandaoni, yaani hupatikana kwa intaneti, kupitia kifaa kingine. Amri ya manage-bde -status huonyesha kama kufuli lipo, na manage-bde -protectors -disable C: hulisimamisha kwa muda. Zote mbili huandikwa kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi.

Kwenye mashine ya UEFI kazi ya mlango ni nyepesi. Huingiwa kwenye mipangilio ya bodi kwa kitufe kinachotegemea kampuni (Dell kwa F2, HP kwa F10 au Esc), na Windows Boot Manager hupandishwa juu ya orodha ya kuwasha. Kompyuta huwashwa, huzimwa, huwashwa tena. Ikiingia Windows mara zote mbili bila kuonyesha menyu ya Linux, mlango umeshabadilishwa, na chochote kitakachotokea baadaye kwenye patisheni ya Linux hakiwezi kuizuia Windows kuwaka. Jaribio hili la dakika tatu ndilo linalorukwa mara nyingi kuliko hatua nyingine yoyote, na ni vigumu kuelewa kwa nini, maana halina gharama.

Kwenye BIOS ya zamani, kiti kimoja lazima kirudishwe kwa mwenyewe. Wengi hufikiri ni lazima kuwa na flashi ya Windows. Si lazima, mradi kazi ifanywe wakati Windows bado inawaka: kitufe cha Shift kikishikiliwa huku Windows ikiamriwa kuwaka upya, hufunguka mazingira ya uokoaji yaliyomo ndani ya diski, na humo dirisha la amri hupokea bootrec /fixmbr. Amri hii huandika programu ya Windows kwenye zile baiti za mwanzo na kuliacha jedwali la patisheni kama lilivyo. Patisheni ya kuwashia ya Windows nayo iwe na alama ya kuwa hai, kwa sababu programu ya Windows huitafuta alama hiyo, wakati GRUB haikuijali. Baada ya hapo Linux bado imo kwenye diski, nzima, ila haina mlango. Huo ndio wakati salama wa kuifuta.

Anayefuta kwanza hukutana na skrini nyeusi yenye maneno mawili: grub rescue, na alama ya kishale. Kipande cha kwanza cha GRUB kimebaki mwanzoni mwa diski, lakini faili zake nyingine zilikuwa ndani ya patisheni iliyofutwa, kwa hiyo kimeamka hakina pa kwenda. Windows ipo, haijaguswa. Haijulikani tu njia ya kuifikia. Amri ya ls huorodhesha patisheni zilizobaki kwa majina kama (hd0,msdos1), na hapo kibodi ya Kireno huanza vituko vyake, kwa kuwa kianzishi kinaichukulia kama ya Kimarekani. Mabano ya kufungua yameandikwa kwenye kitufe cha 8, lakini yanatoka kwenye 9. Ya kufunga yanatoka kwenye 0. Mkwaju uko kwenye kitufe chenye alama ya kistari, pembeni ya Shift ya kulia. Alama ya sawasawa iko kwenye kitufe chenye « karibu na cha kufutia. Mtu anaweza kuandika amri sahihi mara kumi na ikakataliwa mara kumi kwa sababu hiyo tu. Hata hivyo, ikiwa patisheni ya Linux imeshafutwa, amri hizo hazina cha kuamsha, na njia ya kweli inabaki ni flashi ya Windows na bootrec /fixmbr. Kwenye mashine ya UEFI skrini hufanana lakini dawa ni fupi: mipangilio ya bodi, Windows juu, basi.

Kufuta chumba chenyewe huhitaji jicho zaidi kuliko nguvu. Tuchukue diski ya gigabaiti 256, ambayo Windows huionyesha kama 238. Kwenye diskmgmt.msc itaonekana patisheni ya EFI ya megabaiti 100, C: yenye takriban gigabaiti 153, patisheni isiyo na herufi ya gigabaiti 80, nyingine isiyo na herufi ya gigabaiti 4, na ya mwisho ya megabaiti mia kadhaa. Windows haiandiki popote kwamba ile ya 80 ni Linux. Huiita patisheni yenye afya na kunyamaza. Ile ya 4 ni nafasi ambayo Linux huitumia kumwagia kumbukumbu ikijaa. Ndogo ya mwisho ni ya uokoaji wa Windows, na ya EFI ndiyo yenye mlango wa wote wawili. Zote nne hazina herufi, na kutokuwa na herufi si hatia. Ukubwa ndio unaotambulisha, na ukubwa huo huandikwa kwenye karatasi kabla, ukiwa ndani ya Linux, kwa amri ya lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE inayoonyesha kila patisheni, ukubwa wake na aina yake. Zinazofutwa ni mbili tu, ya 80 na ya 4. Kwenye diski za mtindo wa zamani, patisheni za Linux mara nyingi zimo ndani ya patisheni kubwa yenye vyumba. Vyumba vikifutwa, kuta zake hubaki, na lazima kuta nazo zifutwe ndipo nafasi iwe huru.

Nafasi iliyoachwa hurudi kwa C: kwa sharti moja, kwamba iwe imeshikana nayo upande wa kulia. Kwa mpangilio wa mfano huu hakuna shida. Lakini masasisho ya Windows wakati mwingine hukata kipande cha C: na kutengeneza patisheni mpya ya uokoaji papo hapo kando yake. Patisheni hiyo ikisimama kati ya C: na nafasi huru, kitufe cha kupanua hubaki kijivu. Baadhi ya watu huifuta patisheni hiyo. Njia nzuri zaidi ni kutengeneza diski mpya, D:, kwenye nafasi iliyopatikana na kuhamishia huko picha, filamu na hati. C: hupumua, uokoaji unabaki, na hakuna patisheni iliyohamishwa.

Baada ya chumba hubaki masalia. Kwenye UEFI folda ya kianzishi cha Linux bado imo kwenye patisheni ya EFI, na jina lake bado limo kwenye kumbukumbu ya bodi. Patisheni hiyo hufunguliwa kwa mountvol S: /S, na ndani ya folda ya EFI huonekana Microsoft, Boot, na ya tatu yenye jina la Linux iliyokuwapo: ubuntu, debian au fedora. Linux Mint hujificha chini ya jina la ubuntu, jambo linalowachanganya wasiojua kwamba Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Folda hiyo ya tatu tu ndiyo inayofutwa, kwa rd /s. Jina kwenye bodi huonekana kwa bcdedit /enum firmware na huondolewa kwa bcdedit /delete likifuatiwa na kitambulisho chake kilicho ndani ya mabano ya mawimbi. Folda hutangulia, jina hufuata. Likitangulia jina, bodi nyingine huikuta folda na kuliandika upya, na mtu huamini kompyuta imerogwa.

Upande wa pili, wa kuondoa Windows na kubaki na Linux, hofu ya mlango haipo, kwa kuwa GRUB ni ya Linux yenyewe. Yupo anayeifuta patisheni ya EFI akidhani ni ya Windows kwa sababu ilitengenezwa na Windows. Huyo amevunja mlango wa wote. Ndani yake hufutwa folda ya Microsoft tu, na kwenye Ubuntu, Mint au Debian sudo update-grub hulitoa jina la Windows kwenye menyu. Ikiwa patisheni ya Windows ilikuwa ikifunguliwa kila Linux inapowaka, mstari wake kwenye faili ya /etc/fstab uondolewe, la sivyo kompyuta itaisubiri sekunde 90 kila siku kisha isimame njiani. Ugumu uko kwenye nafasi. Windows kwa kawaida hukaa kushoto, na kuipanua Linux kuelekea kushoto ni kuihamisha yote, baiti kwa baiti, kwa GParted kutoka kwenye flashi. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, gigabaiti 80 huweza kuchukua muda mrefu, na GParted ikikatwa katikati mfumo huweza kupotea wote. Penye umeme usioaminika kazi hii haifai kufanywa kwenye kompyuta ya mezani, na kwenye ya kupakata hufanywa kwa betri iliyopimwa na kuaminika. Kuigeuza patisheni ya Windows kuwa ghala la faili za Linux hutoa manufaa yaleyale kwa dakika mbili.

Mafundi wengi hukwepa yote haya kwa kupiga fomati diski nzima. Njia hiyo ina mahali pake. Kompyuta ya mtumba iliyofika bila kujulikana ilikuwa ya nani, haina faili za kuokoa, na pengine ina virusi, inastahili kuanza upya. Tena Windows iliyokuja na mashine tangu 2012 huwa na namba yake ya leseni ndani ya bodi, kwa hiyo toleo lilelile likisakinishwa upya huitambua lenyewe. Kwa kompyuta yenye kazi za mtu ni uvivu unaolipiwa na mwingine.

Kufuta patisheni si kufuta yaliyokuwamo. Data hukaa mpaka iandikwe juu yake, na programu za kurejesha faili huweza kuisoma. Mashine ikienda kuuzwa, nafasi ikisharudishwa kwa C:, amri ya cipher /w:C: huandika juu ya kila pasipo na faili, huchukua muda mrefu, na hufaa kuachwa usiku ikiwa umeme upo.

Alama ya mwisho ya Linux huonekana kwenye saa. Bodi ina saa yake ndogo yenye betri, na mifumo miwili huisoma kwa desturi mbili: Linux huiwekea saa ya dunia, UTC, Windows huiwekea saa ya mahali. Msumbiji iko saa mbili mbele ya UTC. Linux ikizimwa Palma saa sita mchana, huacha bodi ikisoma 10:00, na Windows ikiwaka huonyesha 10:00, yaani saa nne asubuhi. Ng'ambo ya Ruvuma, Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo mashine hiyohiyo ikiwa Mtwara, ikiwa imewekewa saa za huko, ingechelewa saa tatu. Linux ikishaondoka hitilafu hiyo hutokea mara moja tu zaidi, na hurekebishwa kwa kuiweka saa upya kwa mkono, au yenyewe Windows ikipata intaneti.